Jinsi Jina la Mapembe Lilivyofika Bukene

Pwaaa!

Hiyo ndiyo sauti ya siku yangu ya kwanza kazini, na mpaka leo nikiikumbuka najipangusa uso. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya babu mmoja kule Nzega, nimemshikia kichupa cha plastiki chini ya kidevu, nikamwambia kwa adabu zangu zote, "Babu, naomba uteme mate." Babu akanitazama kwa huruma. Akaomba maji kwenye kata, akajaza kinywa, akatulia kidogo, kisha pwaaa! Usoni, kifuani, mpaka kwenye fomu za ofisi. Akasema, "Nenda mjukuu wangu. Upate mume, upate watoto, njia zako ziwe nyeupe."

Kumbe nilikuwa nimeomba baraka! Mzee wa kwetu akikupulizia maji ya kinywa chake amekubariki, na mimi mtoto wa Nzega nililijua hilo tangu utotoni. Sijui lilinitokaje kichwani siku hiyo. Nilibaki nimeshika kichupa kitupu huku maji yananichuruzika kidevuni, na nyuma yangu Bi Zuhura, aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, amejishikiza kwenye ukuta kwa kicheko, mwavuli umemdondoka. "Andika, Neema," akaniambia alipopata pumzi. "Andika: sampuli imepokelewa na uso wa mfanyakazi."

Wadogo zangu, nimesikia mko wanne, na mwezi ujao mnaanza kazi kama ile niliyoifanya mimi. Nimeombwa niwaandikie machache. Wananiita mstaafu, nami nacheka, maana kichwani sina hata unywele mmoja mweupe. Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kidato cha nne na matokeo ambayo tusiyaongelee, nikaifanya miaka kumi na miwili mpaka mradi wetu ulipofungwa. Basi huo ndio ustaafu wangu! Siku hizi nauza asali. Lakini nikimhudumia mteja, kabla sijampa chenji nimeshamuuliza jina la ukoo wake na babu yake alitokea wapi. Ugonjwa wenyewe hauponi.

Kazi ilikuwa hii. Tulizunguka kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora mjini kupanda Nzega na Bukene, tukifuata majina ya ukoo. Tunaandika nani alimzaa nani, halafu tunachukua mate, yanakwenda maabara kupimwa vinasaba. Huko wanaona nani ana damu moja na nani, na uzi wa baba na uzi wa mama zinaelekea wapi. Mimi nilikuwa na ndoto ya kutandaza karatasi ukutani, kila jina uzi wa rangi yake, nione watu walivyotembea. Mpaka leo ninayo. Mkipata ukuta, niiteni.

Sasa sikilizeni habari ya mate, maana hakuna kitabu kitakachowaambia. Mtu mzima ukimwambia ateme, kinywa chake kinakauka palepale. Atakohoa, atacheka, atakwambia njoo kesho. Mimi nilikuwa nabembeleza. Bi Zuhura habembelezi. Anavuta kigoda, anakaa, anaanza kupika kwa mdomo: "Baba, chukua embe. Bichi! Lile ukiling'ata meno yanapata ganzi. Likate vipande vyembamba. Nyunyizia chumvi. Sasa leta pilipili..." Mara nyingi hakufika kwenye pilipili. Kichupa kimeshajaa. Na povu halihesabiwi, wadogo zangu, subirini lishuke ndipo mtazame mstari. Wavuta ugoro wasukutue na wakae nusu saa. Wapo watakaoiona hiyo nusu saa kama kifungo, na mmoja alinikimbia kupitia mlango wa uani. Halafu andikeni jina lote kwenye kichupa hapohapo, siyo mkifika nyumbani. Mimi niliwahi kurudi na vichupa vitano, vyote nimeandika "Mzee". Bi Zuhura akavipanga mezani akavisalimia kimoja kimoja: "Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo."

Ninyi mtapewa vijiti vya pamba vya kusugua ndani ya shavu, na vishikwambi badala ya fomu. Raha iliyoje! Hakuna karatasi ya kulowana. Ila kishikwambi kina visanduku vyake. Kinauliza jina la baba, jina la babu, ukijaza kinakusukuma mbele. Hakikuulizi jina lilikujaje. Fomu yetu nayo haikuuliza, na mimi sikuuliza, na kidogo tu nimvunje moyo mama mmoja wa Bukene. Ndicho hasa nilichotaka kuwasimulia. Hayo ya mate nimeyaleta ya kupashia moto.

Jina lenyewe lilikuwa Mapembe.

Pale Tabora mjini tulimkuta Mzee Hamisi Mapembe, seremala, fundi wa milango na vitanda vya mninga, mtu wa msikitini, sauti yake inaishinda randa. Huyo alitueleza kwamba jina lao linaanzia kwa baba wa babu yake, aliyekuwa anabeba pembe za ndovu kwenye misafara. Safari moja alielekea kaskazini, akaacha mke na mtoto wa kiume anayeanza kutembea. Hakurudi. Msafara ulirudi, yeye hakurudi. "Hatuna kaburi lake," Mzee Hamisi alituambia. "Kila tukisoma dua nyumbani kwetu, mwisho tunamtaja: na yule aliyebaki njiani."

Kisha akaongeza kwamba asili yao ya mbali ni pwani, tena inawezekana kabisa ni ng'ambo ya bahari.

Hapo angenyamaza tu. Bi Zuhura kwao ni Tabora tangu enzi, lakini babu yake alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu hiyohiyo misafara.

"Ng'ambo gani, Mnyamwezi wewe?" akamwuliza. "Pwani mlikwenda mmebeba mizigo, mkarudi mmevaa kanzu, mkasema mmezaliwa nazo!"

"Na ninyi Wazaramo," Mzee Hamisi akajibu bila kuinua macho kwenye ubao, "mlikaa barabarani kutuuzia madafu kwa bei ya ng'ombe. Mpaka leo hamjui kazi nyingine."

Wakaendelea hivyo nusu saa. Mimi niliyekuwa na kalamu niliandika yote, sijui kwa nini.

Walikuwepo na akina Mapembe wa Nzega, ambao jina lao lilipatikana kwa namna ya kuchekesha. Babu yao alipelekwa kuandikishwa shule na mjomba wake wa Bukene. Mwalimu akauliza jina, mjomba akataja lake kwa hofu, na mtoto akabaki Mapembe maisha yake yote, na wanawe, na wajukuu! Ningekuwa na akili ningejifunza hapohapo kwamba jina lina miguu yake na damu ina miguu yake. Lakini nilikuwa kijana, naona mapenzi ya kindugu kila mahali.

Ndipo tukafika Bukene kwa Mama Kabula Mapembe.

Mama Kabula ni mkulima wa mpunga, Mkatoliki wa misa za alfajiri, mjane. Mtoto wake wa pekee Mungu alimchukua, na ndugu zake wote wametangulia. Alitukaribisha kwa uji wa mchele, akakaa ameweka mikono mapajani kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Nikauliza jina la baba: Mapembe. La babu: Mapembe. Akacheka, nikaona ana mwanya katikati ya meno. Mzee Hamisi naye ana mwanya! Wadogo zangu, sikujizuia. Niliruka.

"Mama! Una ndugu Tabora! Wako wengi, wana karakana!"

Bi Zuhura akanifinya pajani, kufinya kwa kweli. "Maabara imeshajibu?" akaninong'oneza. "Au siku hizi wanapima mianya?"

Sikumsikiliza. Nilichukua simu nikampigia Mzee Hamisi palepale, nikamkabidhi Mama Kabula. Wakaongea. Yule mama alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Alipoirudisha ilikuwa imelowa, akasema tu, "Kaniita dada."

Ndivyo udugu ulivyoanza, kwa mdomo wangu mrefu. Mchele ukatoka Bukene kwenda Tabora. Kitanda cha mninga kikatoka Tabora kwenda Bukene, juu ya lori la pamba. Simu kila Jumapili baada ya misa. Na binti wa mwisho wa Mzee Hamisi, Mwajuma, alipochumbiwa, yule mzee ambaye hakubakiwa na dada hata mmoja akatangaza: shangazi wa bibi harusi ni Mama Kabula. Kwao shangazi ndiye anayekaa na binti kwenye mkeka, na ndiye anayemshika mkono kumtoa nje. Hakuna mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Mama Kabula akashona gauni la kitenge cha zambarau. Soko zima la Bukene lililijua gauni hilo kabla halijakatwa.

Zikabaki siku tisa harusi ifike, majibu yakaja.

Daktari wetu wa maabara alinipigia mwenyewe kunielewesha. Wa mjini, uzi wao wa baba ni wa watu wa hukuhuku, na uzi wao wa mama unaelekea magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Pwani chembe tu. Nikacheka, nikawaza Bi Zuhura atakavyofurahi. Halafu nikauliza, "Na wa Bukene?"

"Hawahusiani," Daktari akasema. "Si zaidi ya Mnyamwezi yeyote na mwenzake. Si ndugu wa damu, Neema."

 Wote walikuwa wametia saini kwamba wanataka kuambiwa. Nilichukua bajaji nikaenda kwa Bi Zuhura, nikamkuta anachambua mchicha.

"Bi Zuhura, naomba tusubiri harusi ipite."

"Ili iweje?"

"Ili Mama Kabula afurahi kwanza."

"Halafu aje ajue kwamba alikalishwa kwenye mkeka wa watu, na wewe Neema ulijua na ulikula pilau?" Akaendelea kuchambua. "Majibu si maandazi, mwanangu, kwamba yatapoa. Peleka."

Nikaanza kulia. Bi Zuhura hapendi machozi karibu na mboga. Akanawa mikono, akasema, "Hebu lete fomu yake ile ya zamani."

Nikaitoa; majina ya juu ya babu niliyajaza baada ya ile simu, bila kuyatazama. Akaishika mbali na macho, miwani yake alikuwa ameikalia.

"Baba, Mapembe. Babu, Mapembe. Na baba yake huyo babu?"

"Shija."

"Na baba yake Shija?"

"Masanja."

"Haya. Masanja kamzaa Shija, Shija kazaa Mapembe. Huyo mtoto jina kalitoa wapi?"

Nikachungulia fomu tena.

"Ninyi Wanyamwezi hamuokoti majina barabarani," akasema. "Mtoto wenu hapewi jina bila sababu. Umejaza fomu yote, hukuuliza la maana kuliko yote. Nenda kamwambie ukweli, usiupake sukari. Na ukishamwambia, umwulize."

Kesho yake nilipanda basi mpaka Nzega, na pale nikachukua bodaboda ya Bukene, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimkuta Mama Kabula anapepeta mchele uani. Aliponiona niko peke yangu, ungo ukasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamekataa?"

"Hawajakataa mama, hawajui bado. Ila majibu yametoka. Damu haikukutana. Si ndugu wa damu. Na mimi ndiye niliyekosa, nilikwambia kabla ya wakati wake. Nisamehe."

Akarusha mchele juu, akaupokea. Akarusha tena. Makapi yakaenda na upepo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Sasa gauni nimpe nani?"

Wadogo zangu, kuna maswali hayana kisanduku. Nilikaa chini kwenye makapi, nikamsaidia kuokota mawe kwenye mchele. Tuliokota kwa muda mrefu. Ndipo nikauliza.

"Mama, babu yako alizaliwa na Shija. Kwa nini akaitwa Mapembe?"

"Kwa sababu alilia."

"Alilia?"

"Alipozaliwa alilia siku tatu, mwana. Ziwa hataki, maziwa ya mbuzi hataki. Wakajua kuna mtu anataka jina. Wakaanza kuwataja marehemu wa ukoo, mmoja mmoja, bibi amempakata: wewe ni Masanja? Analia. Wewe ni Kulwa? Analia. Wakawamaliza wote, wa kuumeni na wa kuukeni. Basi bibi yake akasema, na yule mgeni je?"

"Mgeni gani?" Nilikuwa nimeshasimama.

"Mpagazi. Msafara ulimwacha hapa ana ndui, wenzake waliogopa. Wazee wetu wakamjengea kibanda pembeni, wakamlisha mpaka mvua za kwanza. Akafa. Aliitwa Mapembe. Hatukumjua kwao. Basi bibi akamwinamia mtoto, akamwuliza, wewe ni Mapembe? Kimyaaa. Akashika ziwa. Wakamfunga ushanga mkononi, wakasema mgeni amekubali kukaa."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Uliniuliza baba, nikakujibu baba. Uliniuliza babu, nikakujibu babu. Halafu ukaruka kama kuku, ukapiga simu."

Sina utetezi. Ndivyo ilivyokuwa.

Akanipeleka pembeni ya shamba, penye rundo la mawe ndani ya ua wa miiba. Akanieleza kwamba hilo ndilo kaburi la yule mgeni, kwao pale hapalimwi, na kila mwanzo wa kilimo wanapalilia hapo kwanza kabla ya shamba. Yeye amefanya hivyo tangu akiwa msichana. "Ila alizikwa vibaya," akasema. "Sivyo tunavyolaza sisi. Aliomba mwenyewe kabla hajakata roho: alazwe ubavu wa kulia, uso uangalie kule." Akanyoosha mkono kaskazini. "Sisi watoto tuliambiwa mgeni anaangalia kwao. Lakini kwao si alitoka kusini? Sijawahi kuelewa."

Mimi ni Mkristo kama yeye. Lakini nilikuwa nimezunguka sana na Bi Zuhura, nimemsubiri akiswali kwenye vibaraza vya kila kijiji, nikimtandikia mkeka kuelekea upande uleule.  Nilimshika Mama Kabula mabega, nikamwambia twende Tabora sasa hivi, leo hii.

"Siendi," akasema. "Siwezi kwenda kujipendekeza kwenye harusi ya watu. Wewe nenda."

Nilikwenda. Njiani nilikuwa naongea peke yangu nyuma ya bodaboda mpaka dereva akauliza kama nina homa.

Mzee Hamisi nilimkuta anapiga randa. Nikasema yote kwa mpangilio, nikianza na baya, kama nilivyofundishwa. Kuhusu pwani aliendelea tu kupiga randa. Kuhusu Bukene, alikaza meno.

"Kwa hiyo nimemweka mtu baki kwenye mkeka wa dada zangu," akasema. "Kadi zimekwenda. Watu wote nimewaambia. Umenifanya nini, we binti?"

"Nimekosa, mzee. Lakini naomba unisikilize kuhusu kaburi."

Alirudi kwenye ubao wake. Nikamsimulia huku randa inakwenda: mtoto aliyelia, mpagazi mwenye ndui, kibanda, mvua za kwanza. Nilipofika kwenye kuzikwa, randa ikasimama.

"Ubavu gani?"

"Wa kulia."

"Anaangalia wapi?"

"Kaskazini, mzee. Kibla. Wao hawakujua ni nini. Aliwaomba tu, wakafanya."

Alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye magogo.  Nami nikaona nisimdanganye tena, nikasema, "Siwezi kukuapia kwamba ni yeye. Maabara haiwezi kulijibu hilo. Jina ndilo hilo, njia ndiyo hiyo, na wakati unalingana. Zaidi ya hapo sijui."

"Kama si yeye ni mwenzake," akasema taratibu. Akajifuta unga wa mbao kwenye nyusi. "Watu wamempalilia tangu enzi hizo, na sisi hapa tunamwombea hatujui yuko wapi. Na jina wakampa mtoto wao." Akainua uso. "Mwajuma! Mwambie mama yako tunasafiri Jumamosi."

Jumamosi gari la kukodi lilijaa: Mzee Hamisi na mkewe, Mwajuma ambaye hakutakiwa kabisa kutoka nje siku zile lakini nani angemzuia, Bi Zuhura na mwavuli wake, na mimi. Hatukupiga simu. Tulifika majirani wakiwa wamejaa barabarani kutazama, na Mama Kabula akatokea uani na mikono yenye majivu. Alipotuona hakusogea.

Mzee Hamisi akavua kofia. Mbele ya watu wote hao akasema, "Shikamoo, dada."

Mama Kabula akatikisa kichwa. "Mimi si dada yako. Karatasi imekataa."

"Karatasi waliiuliza damu," Mzee Hamisi akasema. "Hawakuiuliza nani alimzika babu yangu."

Jogoo wa jirani akawika. 

"Mama, itikia basi," Bi Zuhura akasema kutoka nyuma. "Huyu ni Mnyamwezi, akiamkia mara ya pili atakudai ng'ombe."

Watu wakaangua kicheko, na Mama Kabula naye, mwanya wote nje, huku machozi yanamtoka. "Marahaba, mdogo wangu," akasema. "Marahaba. Karibuni, mbona mmesimama juani?"

Mwajuma hakungoja hata kukaribishwa mara ya pili. "Shangazi, gauni liko wapi? Usije ukaniambia umeligawa!"

"Nilitaka kuligawa," Mama Kabula akasema. "Halikumtosha mtu."

Tukaenda kaburini. Mzee Hamisi alisoma dua, sauti ikamkatika katikati, mkewe akamalizia. Mama Kabula alifanya ishara ya msalaba, akakaa nyuma yao, mikono imefumbatana. Alipomaliza, Mzee Hamisi akaweka kiganja juu ya mawe, hivihivi, kama unavyompima mtoto homa, akasema kitu kidogo ambacho hakikuwa chetu kukisikia. Halafu wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Hawa wanataka kupiga picha, hawa wanauliza nani atalala wapi, Mama Kabula anamwelekeza jirani jinsi ya kulisha kuku wake wiki nzima, maana shangazi hawezi kufika siku ya harusi kama mgeni, lazima atangulie. Bi Zuhura alikuwa anamweleza Mzee Hamisi kwamba sasa ana watu Bukene, kaburi Bukene na kanzu tu ya pwani. Sauti zao zikaelekea nyumbani, kwenye wali na kuku.

Mimi nilibaki nyuma. Kwenye kona ya ua kulikuwa na pengo, mbuzi walikuwa wameshaanza kupita, na mwenye kulitazama alikuwa anaondoka wiki nzima. Niliazima panga lililokuwa limechomekwa kwenye kisiki, nikakata matawi matatu ya miiba, nikayaburuta mpaka pale, nikaziba.